Mafaili yanaondoka masijala: je, kazi yangu inaondoka nayo?

SWALI

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mama wa makamo, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia katika masijala ya hospitali. Nilianza kama mhudumu wa kubeba mafaili kutoka rafuni hadi chumba cha daktari, na sasa ni msimamizi wa kitengo cha kumbukumbu za afya. Kazi hii naijua. Najua kupanga mafaili kwa tarakimu mbili za mwisho za namba ya mgonjwa, najua kulifuatilia faili lililokwenda wodini likasahauliwa katika droo, na kila mwezi mimi na wenzangu ndio tuliokuwa tukihesabu rejista ili uongozi ujue wagonjwa wangapi wametibiwa na kwa maradhi gani.

Hospitali yetu sasa imeingia katika mfumo wa kielektroniki. Mganga mkuu ametutangazia kwamba chumba cha mafaili kitageuzwa kuwa chumba cha wagonjwa, na kwamba watumishi wa masijala watapangiwa kazi nyingine. Mfumo ulichaguliwa na watu wa tehama pamoja na mhasibu. Mimi niliitwa siku ya mafunzo tu, nikaonyeshwa jinsi ya kufungua kompyuta na kumsajili mgonjwa, basi.

Yapo mambo matatu yanayonisumbua zaidi ya hilo. Kwanza, muuguzi aliniletea mgonjwa ambaye mfumo unaonyesha kuwa ana kisukari na anatumia dawa zake, ilhali mwenyewe anasema hajawahi kuambiwa hivyo na yeyote. Nilipochunguza niligundua kuwa yuko mgonjwa mwingine mwenye majina matatu yaleyale na mwaka uleule wa kuzaliwa, na taarifa za wote wawili zimeingia katika namba moja. Kijana wa tehama ameniambia nisijali, atayafuta yasiyohusika. Pili, daktari mmoja ninayemheshimu sana amenipa nywila yake ili kila jioni nimwingizie maelezo anayoyaandika kwenye karatasi mchana, kwa kuwa mfumo unamchelewesha. Bado sijaanza kuitumia, lakini kumkatalia mtu kama yeye naona vigumu. Tatu, tumeagizwa kuyateketeza mafaili ya zamani mara tu yatakapokwisha kuskaniwa.

Naomba uniambie ukweli. Je, kazi yetu imefika mwisho, au kuna mahali pa mtu kama mimi katika mfumo huu?

Msimamizi wa Masijala

JIBU

Mama yangu,

Nitaanza na wale wagonjwa wawili, kwa kuwa mengine yanaweza kungoja siku chache na hilo haliwezi. Tafadhali mzuie kijana wa tehama asifute chochote. Akifuta sasa atakuwa anabahatisha, maana hana njia ya kujua kipimo gani ni cha nani, na ataondoa pia alama zinazoonyesha jinsi kosa lilivyoingia. Omba namba hiyo iwekewe onyo litakalomjulisha kila anayeifungua kwamba ndani yake mna taarifa za watu wawili, kisha uwaarifu kwa maandishi madaktari wanaowatibu wote wawili, leo hii. Baada ya hapo ifunguliwe kumbukumbu ya matumizi ya mfumo, ile inayoonyesha nani aliingiza nini na saa ngapi, mrudi nyuma hadi kwenye hudhurio la kwanza lililochanganywa. Kila andiko litenganishwe kwa ushahidi, kama vile fomu ya maabara, cheti cha dawa au rejista ya wodi, na pale ushahidi unapokosekana, daktari aliyehusika ndiye aamue. Mwisho zifuateni taarifa zilizokwisha kutoka nje ya mfumo wenu, kwa sababu huenda majibu yasiyo yake yamefika famasi, kampuni ya bima au hospitali ya rufaa, na huko hakuna atakayeyarekebisha msipowaambia.

Wengi katika fani hii hushughulika zaidi na mtu mmoja mwenye namba mbili, kwa sababu ndilo kosa linaloonekana kila siku dirishani. Ni kosa baya kweli. Daktari huona nusu tu ya historia, kipimo hurudiwa bure, na mzio ulioandikwa katika namba ya kwanza hauonekani katika ya pili. Hata hivyo, watu wawili kuingia katika namba moja ni hatari zaidi, kwani daktari hujiona ana habari kamili, kumbe anasoma kundi la damu la mtu mwingine na dawa za mtu mwingine. Enzi za karatasi kosa kama hilo lilibaki ndani ya jalada moja, na mwandiko tofauti au fomu yenye namba nyingine ungeweza kumshtua msomaji. Katika kompyuta maandishi yote yana sura moja, na kosa likishaingia huonekana papo hapo maabara, famasi, wodini na kwa mhasibu.

Hapa niseme jambo ambalo natamani mganga mkuu wako alisikie. Programu inayolinganisha wagonjwa haijui nani ni nani. Inachofanya ni kukadiria. Mwaka 1969 watakwimu wawili waliokuwa wakifanya kazi Kanada, Ivan Fellegi na Alan Sunter, walichapisha nadharia ya kuunganisha rekodi ambayo hadi leo ni msingi wa programu nyingi za aina hii. Kwa kifupi, kila kipengele kinachofanana au kutofautiana hupewa uzito wake. Jina adimu likifanana lina uzito mkubwa, jina lililoenea lina uzito mdogo, na jinsia ikifanana haithibitishi karibu chochote, kwa kuwa takriban nusu ya watu wanayo ileile. Uzito huo ukishajumlishwa, jozi za rekodi zilizo juu kabisa huhesabiwa kuwa ni mtu mmoja, na zilizo chini kabisa kuwa ni watu wawili tofauti. Katikati hubaki kundi ambalo hesabu haiwezi kuliamua, na nadharia yenyewe inaelekeza kwamba kundi hilo lipelekwe kwa karani alikague mmoja mmoja. Ukaguzi huo wa kibinadamu ni sehemu ya hesabu tangu mwanzo, wala haukuongezwa baadaye ili kuziba udhaifu wa programu. Hospitali inayowaondoa watu wa masijala imelibakiza kundi la katikati bila mwamuzi, na wagonjwa wako wawili walikuwa katika kundi hilohilo.

Mwamuzi mzuri ni nani? Ni yule anayejua kwamba jina moja huandikwa kwa tahajia tatu, kwamba wanawake wengine hubadili jina wakiolewa, kwamba mtoto mchanga husajiliwa kwa jina la mama kisha akapewa lake baadaye, kwamba pacha wana tarehe moja ya kuzaliwa na anwani moja, na kwamba mtu asiyejua siku aliyozaliwa huandikiwa 1 Januari, hata siku hiyo ikaonekana kuwa na watoto wengi kuliko siku nyingine zote. Ujuzi huo unao wewe, na sioni ni wapi kijana wa tehama angeupata, hata awe hodari kiasi gani katika kazi yake. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokushauri ulidai, tena kwa barua, ni kwamba ruhusa ya kuunganisha na kutenganisha namba za wagonjwa ikabidhiwe kitengo chako, kwa watu wachache waliofunzwa, na kwamba kila wiki mfumo uwatolee orodha ya jozi zinazotiliwa shaka. La pili ni utaratibu wa dirishani. Namba mpya isitolewe kabla ya kutafuta kwa zaidi ya njia moja, yaani kwa sehemu ya jina, kwa tarehe ya kuzaliwa, kwa simu na kwa namba ya zamani. Mgonjwa naye aulizwe ataje mwenyewe jina lake kamili na tarehe yake. Ukimwuliza kama yeye ndiye fulani, mgonjwa mwenye maumivu au asiyesikia vizuri atakubali chochote.

Sasa nikujibu ulichoniuliza. Sehemu ya kazi yako inakwisha, na itakuwa dhuluma nikikuficha. Kutoa faili na kulirudisha, kulisaka lililopotea, kuhesabu rejista kwa vijiti kila mwisho wa mwezi, yote hayo mfumo ukifanya kazi vizuri huyamaliza, na hospitali haitaajiri tena wahudumu wengi wa kubeba majalada. Wale vijana wako wa rafuni ndio walio katika hatari kuliko wewe, na ningependa uwapiganie mapema wapewe mafunzo ya usajili kabla hawajatawanywa idara nyingine. Lakini fani yenyewe haikuanzishwa kwa ajili ya rafu. Mwaka 1928, watunza kumbukumbu wa hospitali za Amerika ya Kaskazini walipounda chama chao, Grace Whiting Myers akiwa rais wa kwanza, lengo lilikuwa kuinua ubora wa kumbukumbu za tiba zenyewe, yaani ziwe kamili, za kweli na zenye kusomeka. Lengo hilo halikutimizwa na karatasi, na kompyuta nayo haijalitimiza kwa kuwashwa tu.

Nikupe mfano wa jinsi kompyuta inavyoweza kulirudisha nyuma. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi wa maelezo zaidi ya 23,000 ya maendeleo ya wagonjwa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Ilionekana kuwa asilimia 18 tu ya maandishi yalichapwa upya na mtu. Asilimia 46 yalinakiliwa kutoka maelezo ya nyuma, na asilimia 36 yaliletwa na mfumo wenyewe, kama vile orodha za dawa na majibu ya vipimo. Kunakili si dhambi, kwani historia ya upasuaji haibadiliki kila siku. Tatizo ni pale mgonjwa aliyeondolewa mpira wa mkojo wiki iliyopita anapoendelea kuandikwa kila asubuhi kwamba anao. Nani atalikamata hilo? Daktari ana haraka, na mfumo hauoni kosa lolote kwa sababu kila nafasi imejazwa. Msimamizi wa kumbukumbu anayechukua sampuli ya maelezo kila mwezi, akayalinganisha na ya siku zilizotangulia na kupeleka matokeo kwa kamati ya tiba, anafanya kazi ambayo zamani hakuna aliyehitaji kuifanya. Hiyo ni kazi mpya kabisa, na sijui ni nani mwingine hospitalini aliye tayari kuifanya.

Kuhusu nywila ya daktari, usiitumie hata mara moja. Najua si rahisi, na heshima yako kwake ni jambo jema. Lakini rekodi ya kielektroniki ina thamani kwa sababu moja kuu, kwamba kila andiko lina mwandishi na saa yake. Ukiingia kwa jina lake jioni, mfumo utashuhudia kwamba yeye alikuwa mbele ya kompyuta akiandika, ilhali hakuwepo. Siku likitokea lalamiko au kesi, yeye atashindwa kuthibitisha alichokiandika, na wewe utakuwa umeandika tiba bila mamlaka. Tena ukimkosea dozi kwa kusoma vibaya mwandiko wake, hakuna mahali patakapoonyesha kwamba kosa lilitokea wakati wa kuchapa.

Unaweza kumwambia hivi: "Daktari, napenda kukusaidia na nitakusaidia, lakini kwa jina langu mwenyewe ili wewe ulindwe." Kisha ombeni kwa pamoja, wewe na yeye, akaunti yenye ruhusa ya mchapaji, ambapo wewe unaingiza maelezo yakiwa rasimu, naye anayasoma na kuyaidhinisha kwa nywila yake. Maelezo yaliyochelewa yaandikwe wazi kuwa yamechelewa, yakionyesha saa ya tukio na saa ya kuandikwa; kuchelewa kunakoonekana ni bora kuliko uwahi wa uongo. Nywila aliyokwisha kukupa aibadilishe leo. Na kama mfumo unamchelewesha kweli, malalamiko yake ni ya haki na yafikishwe kwa walioutengeneza, kwa sababu daktari anayebofya mara nyingi mno ili kuandika dawa moja atatafuta njia ya mkato kila siku, na wewe hutaweza kuwazuia wote.

Mafaili ya zamani nayo yanataka subira. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lenyewe ndilo linalotaka kuchomwa. Kabla ya karatasi hata moja kuteketezwa, pateni kwa maandishi muda ambao sheria ya nchi yenu inataka kumbukumbu za wagonjwa zihifadhiwe. Mara nyingi muda wa watoto huhesabiwa tofauti na wa watu wazima. Mafaili yanayohusika na kesi, malalamiko au uchunguzi wowote yatengwe yasiguswe. Picha zilizoskaniwa zikaguliwe dhidi ya karatasi zenyewe, kwa sababu mashine huvuta kurasa mbili kwa pamoja, hukata pembe yenye tarehe, na husahau upande wa nyuma wa fomu ambako mara nyingi ndiko wauguzi walikoandika. Kila kundi linaloteketezwa liwe na orodha yenye namba na saini.

Lipo pia jambo ambalo uongozi huwa haulifikirii: picha ya ukurasa si data. Daktari anaweza kuisoma, lakini mfumo hauwezi kuitumia kumwonya kwamba mgonjwa ana mzio wa penisilini. Ningekushauri msipoteze nguvu kuskani kila kitu kwa usawa. Kwa wagonjwa wanaohudhuria sasa, mtu mwenye ujuzi asome faili na kuingiza kama data yale machache yanayookoa maisha, yaani mizio, magonjwa sugu, upasuaji uliopita, dawa za kudumu na kundi la damu lililothibitishwa na maabara. Mengine yanaweza kubaki picha. Ya watu wasiohudhuria tena yanaweza kubaki karatasi hadi muda wake wa kisheria uishe.

Umeniuliza kama kuna mahali pako, nami naamini pako. Ila hutakabidhiwa bila kujiongezea ujuzi, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu watu wengi wa umri wako hukimbilia kozi za kompyuta za jumla ambazo hazigusi kazi yao. Wewe anza na usimbaji wa magonjwa, yaani kuupa kila ugonjwa msimbo wake kutoka orodha ya kimataifa. Orodha ya kimataifa ya magonjwa ilitokana na orodha ya sababu za vifo iliyotayarishwa na Jacques Bertillon mwaka 1893. Shirika la Afya Duniani liliichukua mwaka 1948, toleo la kumi likaidhinishwa mwaka 1990, na la kumi na moja, ICD-11, likaanza kutumika rasmi 1 Januari 2022. Toleo hili lilibuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya kompyuta. Humruhusu msimbaji kuunganisha misimbo, kwa mfano ugonjwa pamoja na upande wa mwili na ukali wake, badala ya kutafuta msimbo mmoja uliobeba vyote. Siku hizi zipo programu zinazopendekeza misimbo zenyewe baada ya kusoma maelezo ya daktari, na zinasaidia, lakini zinaweza kusimba maradhi ambayo daktari alitaja ili ayakanushe, au ya baba wa mgonjwa. Anayekagua mapendekezo hayo lazima ajue kusimba kuliko aliyekuwa akitafuta msimbo kitabuni.

Baada ya hapo jifunze majedwali ya hesabu ya kompyuta na maswali mepesi ya hifadhidata, kiasi cha kuweza kujiuliza mwenyewe ni wagonjwa wangapi hawana tarehe ya kuzaliwa, bila kumngoja mtu wa tehama. Viwango vya kubadilishana taarifa kama FHIR hutakiwi kuviandikia programu; yatosha kuelewa kwamba jina, kipimo na dawa husafiri kutoka mfumo mmoja hadi mwingine vikiwa vipande vyenye anwani, na kwamba kipande kilichokosewa kwenu kitafika kwingine na kosa lake. Faragha unaifahamu tayari. Kilichobadilika ni kwamba zamani ulilinda mlango mmoja wenye kufuli, na sasa kila kompyuta ni mlango. Hivyo kukagua nani amefungua rekodi ya nani, hasa rekodi za watumishi wenzenu na za watu mashuhuri, iwe kazi yenu ya kila mwezi.

Bado kuna jambo moja ambalo huenda halijaguswa na mtu yeyote hapo kwenu, nalo ni siku mfumo utakapolala. Mei 2017 programu hasidi iitwayo WannaCry ilizifikia kompyuta za hospitali nyingi nchini Uingereza, na ilikadiriwa kuwa miadi ipatayo 19,000 ilifutwa. Wala si lazima avamie mtu. Umeme ukikatika au seva ikiharibika, wagonjwa wataendelea kufika. Andaa fomu za karatasi za usajili, maelezo, dawa na maabara, ziwekwe kila idara pamoja na namba za akiba zisizoweza kugongana na za mfumo. Panga ni nani atakayeingiza yaliyoandikwa mfumo ukirudi, na ni nani atakayethibitisha kwamba hakuna fomu iliyobaki mezani. Nakala rudufu za data nazo zijaribiwe kwa kurejeshwa kweli, maana nakala ambayo haijawahi kurejeshwa hakuna anayejua kama inafaa. Mpango huo uuandike wewe, uupeleke kwa mganga mkuu pamoja na taarifa ya wale wagonjwa wawili, na katika barua hiyohiyo uombe kuwa mjumbe wa kudumu wa kamati inayosimamia mfumo.

Mshauri wako